Mbegu za Mama Juu ya Boila

Vijana wa ghala la mbegu, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Mmeniomba kwa adabu, tena mkaniletea daftari jipya, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Lakini nakutahadharisheni mapema: anayetaka habari za vyeo na alifunge daftari hili akanywe chai. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na vingine nilipewa kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine karibu. Nitaandika habari za mbegu, za kazi niliyojifunza Birmingham, na za wivu. Huo wivu sikufundishwa na mtu, nilikwenda nao.

Nilifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, mwezi wa Novemba, nikiwa na koti la kuazima. Mjomba wangu aliyekuwa baharia alikuwa ameacha bahari na kuhamia Saltley, akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha vyuma. Alinitia kiwandani naye. Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nilipanda basi hadi Edgbaston, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna bustani kule yenye nyumba za vioo, na kwamba mtu akiwa ndani yake hupata joto. Sikufuata kilimo, nilifuata joto. Baadhi yenu mliingia kazi hii kwa sababu zisizofika hata hiyo, kwa hiyo msinicheke.

Msimamizi wa nyumba za vioo alikuwa Mwingereza mmoja mzee aliyeitwa Harold, mwenyeji wa Aston, mwembamba, mwenye kofia asiyoivua. Jumamosi mchana hakuwa akionekana kazini. Alikuwa kiwanja cha mpira. Siku yangu ya kwanza alinionyesha lundo la vyungu vya udongo vya kupandia miche, akanipa brashi na ndoo, akaenda zake. Nilisugua vyungu wiki mbili. Nilidhani ananidharau kwa rangi yangu, na nikamnunia kimyakimya. Kumbe kila mgeni alianzia hapo. Chungu kichafu hubakisha maradhi ya mche wa mwaka jana na kuuambukiza mche wa mwaka huu. Mpaka leo nikimwona mtu anaatika mbegu kwenye kopo asilolisugua, mkono unaniwasha.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuandika kibandiko kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye unyevu. La tatu ni kupima mbegu kabla ya kuipanda. Unatandika karatasi ya kukaushia wino kwenye kisahani, unailowesha, unapanga punje mia, unafunika, unasubiri. "Mbegu haina haya," aliniambia. "Itakudanganya kwa sura mpaka siku ya kisahani."

Mwaka uliofuata akaja Mbarouk.

Alikuwa mtoto wa Pemba, kutoka Wete, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa anapokusikiliza kana kwamba unamwambia jambo la maana. Nilikutana naye kwenye Maulidi nyumbani kwa familia moja ya Kizanzibari. Hakuwa na kazi. Nikampeleka mwenyewe kwa Harold, nikamwonyesha mwenyewe jinsi ya kusugua vyungu. Nataka mlijue hilo. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa Mbarouk kuingia kwenye kazi hii, ni mimi.

Vyungu nilivisugua wiki mbili, yeye alivisugua siku nne. Harold alipita, akakipigapiga kimoja kwa ukucha, akasema, "Huyu ana mkono." Mimi hakuniambia kuwa nina mkono. Nilitazama mikono yangu yote miwili siku ile, nikaona haina kasoro.

Basi ikawa hivyo. Nikimwagilia mimi, miche inaishi. Akimwagilia yeye, inanawiri. Aliuliza maswali ambayo mimi niliona aibu kuyauliza, akajibiwa, na mimi nikawa nasikilizia majibu nikijifanya napanga ndoo. Ndivyo nilivyojifunza nusu ya ninayoyajua. Harold alikuwa na kisu cha kubebeshea miti, cha kuungia kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, mpini wake wa mfupa umelika kwa vidole vya miaka mingi. Alipoanza kutetemeka mikono alikitoa mfukoni, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo ya mbolea ya kuku. Akampa Mbarouk.

"Mabruki," nilimwambia Mbarouk.

"Tutakitumia sote, sheikh," akanijibu.

Mdomo ulisema mabruki, moyo ulikuwa ukichemka. Jibu lake ndilo lililozidi kunichoma. Mtu ukimwonea wivu hutaka awe mbaya kidogo, upate pa kushika. Mbarouk hakunipa pa kushika.

Sasa nije kwenye tungule, ambazo watu wa bara huziita nyanya. Mnajua kwamba kwetu Kusini Unguja ardhi ni mawe, na watu hupanda kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe hayo. Mama yangu, Bi Mize, alikuwa na tungule zake alizozirithi kwa mama yake. Ndogo, zina mikunjo kama mfuko uliofungwa kamba, chachu, ngozi ngumu, na ukiziacha ukutani wiki mbili bado unazipikia. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alinitumia mbegu kidogo ndani ya barua, zimefungwa kipande cha kanga, ili nipate mchuzi wa nyumbani. Harold alinipa pembe moja ya nyumba ya vioo, nami nikazipanda. Kiangazi kile mjomba alikula mchuzi Saltley mpaka akatokwa na machozi, akasema ni pilipili.

Nikiwa katikati ya furaha hiyo ikaja barua nyingine, kwa mkono wa mwalimu wa chuo cha Kurani, maana mama hakujua kuandika. Nyumbani vyakula kutoka nje vilikuwa haba, na wakubwa walikuwa wakiwahimiza watu wafufue mashamba ya mboga na matunda yaliyoachwa siku nyingi kwa ajili ya karafuu. Watu wakaitikia, wakapanda mbegu za pakti. Zikaota vizuri, kisha ukaingia mnyauko, ukaua za pakti na za kienyeji pamoja. "Mitungule yangu yote imekufa," mama alisema ndani ya barua. "Nimetafuta kijiji kizima, sikupata hata punje. Zilizobaki duniani ni hizo nilizokuletea. Zitunze, uje nazo."

Nikazitunza. Nilikamua tungule zangu zote kwenye ndoo, nikaziacha na maji siku tatu mpaka zikatoa povu, nikaziosha. Mnaijua kazi hii: mbegu nzima huzama chini, makapi huelea. Nilikuwa nikimimina yale makapi Mbarouk alipoingia.

"Sheikh, nigaie japo kidogo," alisema. "Na mie nijaribu."

Mama alikuwa na sheria moja: mbegu hanyimwi mtu. Kwetu ukimnyima jirani mbegu, watu hukusema mpaka mazikoni. Nisingeweza kumnyima. Lakini nilikwisha fikiri yote kwa nukta moja: nikimpa Mbarouk tungule za mama, zitanawiri kwake kuliko kwangu, Harold atapita na kusema ana mkono, na hata kile kilichokuwa changu peke yangu kitakuwa chake. Nikachukua kitambaa, nikachota yale makapi yaliyoelea, nikamkamulia vizuri, nikamfungia.

"Hizi hapa," nikasema. "Bora kabisa."

Alinishukuru akanishika mkono kwa mikono miwili. Huko kwetu kumpa mtu makapi ukimwambia ni mbegu ni kitu ambacho sijapata kumsikia mtu amekifanya. Wachawi wapo, wezi wapo, lakini hilo sijalisikia.

Nami mbegu zangu nzuri nikazihifadhi kama alivyozihifadhi mama. Mama alikuwa akiitundika kanga yenye mbegu darini mwa jiko, juu ya mafiga, moshi uipate, wadudu wasiiguse. Birmingham hakuna mafiga. Nikatazama, nikaona kitu kilichofanana nayo zaidi ya vyote ni chumba cha boila, ambamo makaa yalikuwa yakiwaka ili kupasha mabomba ya nyumba za vioo. Nikatundika kanga yangu kwenye msumari juu ya boila, nikaenda zangu nikijiona mwana wa mama yake. Mbarouk, kwa upande wake, alikuwa amepanga chumba kwa nesi mmoja wa Kenya, Sista Wambui, mama asiyetaka mchezo. Alimwona na kile kifurushi, akamwambia, "Mimi kwa nyumba yangu sitaki mambo ya shamba, umenisikia? Peleka hiyo vitu yako huko nje." Mbarouk akazitia mbegu kwenye kopo la kakao, akaliweka choo cha uani, ambako maji yalikuwa yakiganda.

Nilicheka niliposikia. Makapi, tena chooni.

Kipupwe kile umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na mji mzima ukitetemeka, lakini boila letu la makaa halikuzimika hata saa moja. Nilikuwa nikipita na kuigusa kanga yangu. Ilikuwa kavu, ina joto, inanukia. Nikafurahi.

Machipuko yalipofika ikaja habari kwamba bwana mmoja wa kilimo kutoka nyumbani yuko Uingereza kwa shughuli zake na atapita Birmingham. Walikuwa wanamtaka mtu mmoja anayejua kuotesha miche na kubebesha miti, arudi kuanzisha kitalu cha kisiwa. Mtu mmoja. Harold akapeleka majina yetu mawili. Tukaambiwa kila mmoja aonyeshe alicho nacho.

Nilikuwa na hakika. Nani mwingine alikuwa na mbegu iliyopotea nyumbani? Niliwatangazia wote pale kazini, Waingereza na wasio Waingereza, kwamba mimi ninarudi na tungule za mama yangu. Wakaniuliza, na Mbarouk je, naye si ana za kwenu? Nikawaambia, "Ah wapi! Hizo kaokota sokoni huko. Takataka tu."

Nikapanga punje mia kwenye kisahani. Siku ya tano, hakuna. Siku ya nane, hakuna. Siku ya kumi nikafunua karatasi nikakuta ukungu wa kijivu. Harold akachukua punje moja akaikata kwa ukucha, akaitazama, akaniuliza nilikuwa nimeziweka wapi. Nikamwambia. Nikamweleza na habari za jiko la mama.

Akaitupa ile punje, akasema, "Jiko la mama yako lilikuwa likizimwa akishapika. Hili halizimwi. Umezioka."

Nilikwenda nyuma ya lundo la mboji nikalia. Sikuwa nalilia kazi, nawaambia kweli. Nilikuwa nalilia yale maneno, zilizobaki duniani ni hizo.

Yule bwana alifika siku mbili baadaye, amevaa suti nyembamba, anapuliza vidole kwa baridi. Harold alimpitisha kwenye nyumba za vioo. Kwenye meza ya Mbarouk palikuwa na vyungu saba, vimesuguliwa, na ndani ya kila kimoja mche wa tungule, shina nene, jani lenye nywele na ile harufu. Niliijua kabla sijaiona. Makapi mengine huelea si kwa kuwa matupu, bali kwa sababu povu limeyashika. Katika fungu zima, saba yalikuwa hai, na baridi ya choo cha Sista Wambui ndiyo iliyoyatunza.

"Mbegu hizi umezipata wapi?" yule bwana akauliza. "Hizi nyumbani hazipo tena."

"Za huyu bwana hapa," Mbarouk akasema, akininyooshea mkono. "Za mama yake. Mie nimeotesha tu."

Wote wakanigeukia. Tazameni jinsi Mungu alivyonifungulia mlango. Neno moja tu, ndiyo, na mbegu zingekuwa za mama, na pengine tungerudi sote wawili. Lakini ningesema ndiyo, ningelazimika kueleza kwa nini ni nzima mkononi mwake na ni maiti mkononi mwangu, na kwa nini niliziita takataka. Na juu ya hayo, nisingeweza kuvumilia kupewa kitu na Mbarouk, hata kilichokuwa changu.

"Si zangu," nikasema. "Zangu ni hizi." Nikaonyesha kisahani chenye ukungu.

Mbarouk alinitazama. Akainamisha kichwa. Yule bwana akatoa penseli, akaandika kwenye daftari lake huku akitamka kwa sauti: "Tungule ya Mbarouk." Jina mnalolijua lilitokea hapo, na aliyelitoa ni mimi.

Akaenda yeye. Nikabaki Birmingham miaka mingine mitano au sita. Mbarouk alikuwa akiandika barua kwa Kiswahili, maana Kiingereza alikisema lakini hakukiandika, na kwa kuwa Harold hakujua Kiswahili na alimpenda kama mwanawe, kila barua ikifika nililetewa niitafsiri wakati wa chai, mbele ya watu. Adhabu gani nyingine mngenichagulia? Aliandika kwamba kitalu kimefika vitanda arubaini, nikatafsiri kwamba kitalu kinaendelea. Akaandika kwamba kwa kisu cha Harold amebebesha michungwa, mibalungi na mishokishoki, na watu wanatoka Makunduchi hadi Nungwi kuja kuchukua miche, nikatafsiri kwamba kisu hakijapotea. Aliandika kwamba zile tungule amezipanda kwenye udongo mpya usiofikiwa na mnyauko, na sasa zinauzwa kila soko. Hapo nikasema maandishi hayasomeki. Kila barua ilimalizika na maneno yaleyale: "Msalimie Makame, mwambie nafasi yake ipo." Makame ndiye mimi, na hayo sikuyatafsiri hata mara moja.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya sabini, mjomba alipofariki. Mama alinipokea kwa wali na mchuzi wa samaki. Nilipotia tonge mdomoni nikajua.

"Tungule hizi za Mbarouk, mwanangu," mama alisema. "Mpemba mmoja, kazileta kutoka Ulaya. Huzioni zinavyofanana na zangu? Zangu ulizitunza?"

"Zilikufa, mama," nikamjibu. Huo haukuwa uongo.

"Basi, amri ya Mungu." Akanipakulia tena. "Ukimwona huyo Mbarouk mpe salamu zangu. Mwambie kila nikikata tungule namwombea dua."

Wivu ni kidonda, husema kanga za mama, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda, nilinenepa kwa tungule za Mbarouk. Nilikwenda kwake kuomba kazi, akanipa ghala la mbegu, na humo nimekaa mpaka mmeniaga mwezi uliopita. Miaka yote hiyo nimeandika kwa penseli, kwa mkono wangu mwenyewe, kila msimu, kwenye kila pakti: Tungule ya Mbarouk. Salamu za mama sikuzifikisha. Mama alifariki akiamini nimezifikisha, na Mbarouk alikuja mazikoni akashika jeneza.

Wiki iliyopita, mstaafu mimi naye mstaafu, nilivuka nikaenda Wete. Nilimkuta uani anabebesha mchungwa, macho yamepungua nuru, anapapasa kwa vidole, na kisu ni kile kile. Nikampa salamu za mama, zimechelewa miaka hiyo yote. Nikamwambia na habari ya makapi.

Hakuacha kazi yake. "Nilijua siku ileile," alisema. "Zilikuwa na povu, Makame. Mbegu iliyozama haina povu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeninyima na hayo."

Akafunga kibebesho kwa utepe, akakaza. "Mama yako mie nilikwenda kumwona, mwaka ule nilioanza kitalu, hujarudi bado. N'kampelekea miche, jina langu sikumtajia. N'kataka kumwambia ni yake. Halafu n'kaona, nikimwambia, atauliza mwanawe ilikuwaje. Basi n'kala wali wake, n'karudi."

Nilikaa pale kibarazani nikanywa kahawa yake. Mtadhani moyo wangu ulisafishika. Nilimwonea wivu kwa hilo nalo, vijana, kuliko kisu na kitalu na kila kitu: kwamba alinihifadhi mbele ya mama yangu, tena bila mimi kujua, na akafanya vizuri kama kila alifanyalo.

Jana nilipita ghalani mlipokuwa mmekwenda chakula cha mchana. Kopo la mbegu za tungule, lile la rafu ya juu, nimelibandua karatasi yake na kubandika mpya: Tungule ya Bi Mize. Msiibandue, na pakti za msimu huu ziandikeni hivyo hivyo, kwa penseli. Chini yake nimeandika: ziliokolewa na Mbarouk wa Wete. Nilikaa na penseli mkononi muda mrefu kabla ya kuyaandika maneno hayo. Yapo, lakini itabidi mvae miwani.